Mdundo wa Ngazi Sitini na Nne

"Huu wimbo wako unangoja nini?"

Baba aliniuliza swali hilo Jumapili moja mchana, akiwa ameketi kwenye veranda ya Shangazi kule mtaa wa Satellite, Nairobi, mguu wa kushoto umenyooka mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa auangalie kidogo. Nilikuwa nimeweka spika ndogo mezani na kumchezea, kwa mara ya kwanza tangu anizae, muziki ninaoutengeneza. Dakika nne zilikuwa zimepita. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni. Mimi niliyesomea falsafa chuo kikuu, niliyezoea kuwauliza watu maswali mpaka wakumbuke wana safari, nilijikuta najitetea.

"Haungoji kitu, Baba. Ndivyo ulivyo."

"Hapana," akasema. "Kuna kitu unangoja. Hata mimi nimeanza kungoja."

Muziki wenyewe unaitwa progressive trance. Ni muziki wa mashine: ngoma nzito inayopiga kwa usawa, haiharakishi wala haichoki, na chini yake besi inayozunguka palepale. Huo mdundo ndio sakafu. Juu yake sauti nyingine huingia na kutoka, moja moja, pole pole, kwa dakika nane au tisa. Kila anayeutengeneza hupambana na jambo lilelile: ushikilie mdundo kwa muda gani kabla ya kubadilisha kitu? Ukibadilisha mapema, msikilizaji hajaketi bado. Ukichelewa, ameshaondoka.

Mimi nilikuwa mtu wa kubadilisha mapema. Sikuamini marudio. Niliyaona ni uvivu wa mhadhiri anayesoma noti zilezile kila mwaka huku akitazama dirishani. Nyimbo zangu zilikuwa na sauti mpya kila baada ya sekunde chache, na mara mbili au tatu niliiondoa ngoma kabisa ili msikilizaji aning'inie hewani, kisha nimrudishie kwa kishindo. Mwenzangu wa kazi katika duka tulilouzia spika pamoja kule Luthuli Avenue alisikiliza mmoja mpaka mwisho, akanirudishia hedifoni.

"Madam," akasema, "wewe hutengenezi wimbo. Unabadilisha chaneli."

Sikuongea naye siku mbili. Siku ya tatu mteja alitaka kujaribu spika kubwa, mwenzangu akaniambia niweke wimbo wangu, nikaweka wa mtu mwingine.

Nimeanza na muziki lakini habari hii ni ya Baba na ngazi.

Baba alipatwa na kiharusi mwezi wa nne. Si kile kikali. Alizungumza vizuri, mkono ulirudi upesi, akili haikuguswa hata chembe, kwa bahati mbaya ya wauguzi. Mguu wa kushoto ndio uliobaki nyuma. Alipotoka hospitalini hakuweza kurudi nyumbani kwetu Mountain View, kwa sababu tunaishi ghorofa ya nne na jengo halina lifti. Kutoka getini hadi mlangoni kwetu ni ngazi sitini na nne, kumi na sita kila ghorofa. Basi akapelekwa Satellite kwa dada yake, nyumba ya chini, yenye uwanja wa saruji na migomba mitatu nyuma.

Majirani wetu walijitolea kumbeba. Wanaume wanne wenye nguvu zao, na kiti cha plastiki. Baba alikataa.

"Mtu hubebwa na watu wanne mara moja tu," akasema, "na siku hiyo haoni aibu."

Asiyemjua atadhani ni kiburi tu. Lakini Baba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya jengo letu. Maji ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, huja siku mbili kwa wiki, yakipenda. Siku nyingine tunategemea kisima na pampu, na ufunguo wa pampu ulikuwa kwa Baba kwa miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyepanda paani kupima matangi kwa fimbo. Yeye ndiye aliyeamua saa ya kufungulia, na yeye ndiye aliyetukanwa. Nyumba ile aliinunua na Mama, na Mama alifia humo. Ukimwondoa pale, ungebaki na mzee mwenye mguu mbaya akitazama ndizi za dada yake.

Shangazi hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka kuogopa. Alisema tumpe mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Siku hiyo atakuja Mountain View na pikapu. Baba akipanda mpaka mlangoni kwa miguu yake, bila kushikwa na mtu, atabaki. Asipopanda, pikapu itashusha kitanda chake, kabati na redio, nyumba itafutiwe mpangaji, na habari iishie hapo.

"Na usinijie hapa kunililia," akamwambia. "Nimekupa miezi minne. Hata mahindi ya kwetu hayachukui zaidi."

"Mahindi hayana ndugu wa kuyaharakisha," Baba akajibu.

Mara tatu kwa wiki nilimpeleka Hurlingham, kwenye kliniki ya viungo iliyokuwa juu ya duka la miwani. Kliniki hiyo ilikuwa na lifti. Fizio wake, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa mwanamke wa umri wangu au zaidi kidogo, Mhindi wa hapahapa Nairobi, familia yao iko Parklands tangu enzi za babu wa babu. Baba alimwita daktari. Yeye alimwita Baba "Anko," kama wanavyowaita wazee wote, na alimkaripia kwa Kiswahili cha mjini kisichoogopa mtu.

"Anko, hii mguu inaskia. Inajifanya tu haiskii. Kama mtoto wangu."

Njia yake ya kazi ilikuwa rahisi. Aliweka simu yake dirishani, simu ikapiga tok, tok, tok kwa sauti nzito, na Baba alitakiwa kukanyaga kwenye kila tok kwenye korido ndefu yenye reli ukutani. Alinieleza kwamba baada ya kiharusi miguu husahau kupokezana, na kwamba sikio lina njia yake ya kuufikia mguu bila kupitia kwenye mawazo. Nilimuuliza ushahidi uko wapi. Akanitumia makala mawili. Niliyasoma, nikamwuliza maswali saba. Akajibu matano, mawili akasema hajui, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Shida ilikuwa Baba. Aliichukia ile tok.

"Ni kama bomba linalovuja," alisema. "Miaka kumi na mmoja nimetafuta mabomba yanayovuja. Siwezi kutembea, nataka kwenda kulifunga."

Na kweli, kila baada ya hatua kumi aligeuza kichwa kutafuta sauti inakotoka, na akigeuza kichwa, mguu ulikwama. Mwezi wa saba ulipoanza alikuwa bado anafika nusu ya korido tu. Ndipo nikapata wazo ambalo leo linanifanya nicheke: mimi nilikuwa na mafaili mia mbili ya midundo isiyoyumba.

Jumatano iliyofuata ile Jumapili ya veranda, nilibeba spika kwenda Hurlingham, pamoja na wimbo wangu niliouona bora kuliko yote. Fizio aliupima kwa vidole, akasema mwendo unafaa kabisa, hatua moja kwa kila mapigo mawili. Alinipanga mbele ya Baba, hatua mbili hivi, mgongo kwake, nikiwa nimebeba spika kifuani ili sauti imvute. Yeye akakaa ubavuni mwake. Tukaanza.

Sijawahi kusahau dakika mbili za kwanza. Nyuma yangu nilisikia viatu vya Baba: kulia, kushoto, kulia, kushoto, mle ndani ya ngoma, kama mtu anayerudi kwenye lugha yake. Tulipita nusu ya korido. Tulipita chumba cha mizani. Fizio alisema, "Ona! Ona!" kwa sauti ya chini. Nami nilikuwa nawaza, kwa fahari ya kipumbavu, kwamba bado hajasikia sehemu tamu.

Sehemu tamu ikafika. Ngoma ikaondoka, besi ikaondoka, ikabaki sauti moja nyembamba ya kinanda ikielea.

"Stima imepotea?" Baba akauliza.

Nikageuka. Alikuwa amesimama na mguu mmoja hewani, anatazama taa. Mama mmoja mgonjwa kwenye benchi naye alitazama taa. Mhudumu wa mapokezi alichungulia mlangoni, akaangalia juu, akarudi kuzima kompyuta yake kabla haijaharibika. Nairobi nzima imefunzwa hivyo: kitu kikinyamaza ghafla, tazama juu. Kisha Baba, aliyekuwa bado hewani, akaanza kuinama upande kama mti uliokatwa. Fizio alimdaka kiunoni, wote wawili wakagonga ukuta.

Hakuumia. Lakini alikalishwa, akapewa maji.

"Wewe," fizio akaniambia, "unataka kuua baba yako na muziki?"

"Ni sehemu ya kusubiri," nikasema. "Watu huipenda."

"Watu gani? Wenye miguu mbili."

Niliporudi nyumbani niliukata wimbo ule kwa hasira. Niliondoa kila kitu. Nilibakiza ngoma na besi, duara moja la sekunde chache, nikalirudia kwa dakika kumi bila kugusa chochote. Niliona kama nimejidhalilisha. Huu haukuwa muziki, ulikuwa pampu. Nilimpelekea mwenzangu wa dukani ili amalize kunicheka. Akasikiliza kichwa kikicheza, akasema, "Sasa hii imekaa." Sikumsemesha tena.

Baba alitembea nao vizuri kuliko tulivyotarajia. Siku ya kwanza alimaliza korido. Siku ya pili alienda na kurudi. Kisha jambo jingine likajitokeza. Kila ikifika kama dakika ya tatu, ncha ya kiatu cha kushoto ilianza kukwaruza sakafu. Shhp. Shhp. Hakuwa amechoka, mapigo yake yalikuwa sawa, hakuhema. Fizio alimsimamisha, akamwuliza anawaza nini.

"Nawaza matangi," Baba akasema. "Nani anapima matangi?"

Fizio akanigeukia. "Analala akitembea. Hii wimbo yako ya pili ni tamu sana kwa miguu, mpaka kichwa inaenda kwao."

Sasa zilikuwa zimebaki wiki tano. Mguu unaokwaruza kwenye korido tambarare ni mguu utakaogonga ukingo wa ngazi, na anayejikwaa kwenye ngazi ya hamsini ana ngazi hamsini za kuanguka. Hili halikuhitaji falsafa. Niliketi kwenye benchi pale kliniki, Baba akiwa ndani akikandwa goti na msaidizi, nikamwambia fizio kwamba sijui la kufanya. Nikibadilisha, anaanguka. Nisipobadilisha, analala.

Alikuwa anakula embe lenye pilipili kwenye mfuko wa karatasi. Alinisukumia nichukue kipande.

"Umeshaona garba?" akauliza.

Nilikuwa nimeiona kwa mbali, siku za sherehe ya Wahindu ya Navratri, watu wakicheza kwa kuzunguka duara katika ukumbi, wamevaa rangi.

"Sisi tunazunguka masaa matatu, manne," akasema. "Hatua ni ileile. Mamangu ako na miaka sabini na mbili, anazunguka. Unajua kwa nini hachoki? Miguu haibadilishi kitu. Ngoma ya chini haibadilishi kitu. Ni mwimbaji tu anabadilisha, kidogo kidogo, na makofi. Miguu haina habari. Kichwa ndiyo ina habari."

"Kwa hivyo miguu na kichwa zinasikiliza nyimbo mbili tofauti?"

"Wimbo moja," akasema akilamba chumvi kidoleni. "Watu wawili."

Nilipanda gari la kwenda mjini nikiwa na ule usemi kinywani pamoja na pilipili. Nilibishana nao njia nzima na sikuushinda.

Toleo la tatu lilinichukua siku nne. Ngoma na besi sikuzigusa tangu mwanzo hadi mwisho, hata kwa pigo moja. Mabadiliko yote niliyapeleka juu, kwenye zile sauti nyembamba ambazo haziubebi mwili: kayamba, vikengele, sauti ya kijiko kwenye bilauri niliyoirekodi jikoni. Tena nikajizuia. Kitu kimoja kila baada ya mapigo sitini na nne, basi. Kwa mtu wa aina yangu ilikuwa kama kufunga kula. Nilifika mahali ambapo mkono wangu wenyewe ulikwenda kuongeza kitu, nikaukalia.

Baba alitembea dakika sita. Kiatu kilikwaruza mara mbili tu.

Nilibandika utepe wa karatasi kwenye sakafu ya korido, kila mita moja, nikawa nasikiliza mikwaruzo nyuma yangu, spika kifuani, na kuiandika kwenye daftari tukifika mwisho. Siku moja na toleo la pili, siku moja na la tatu, bila kumwambia ni lipi.

"Umenifanya panya," Baba alisema.

"Panya hawalalamiki."

"Panya hawana mtoto aliyesoma."

Daftari lilisema toleo la tatu linashinda, karibu kila siku. Lakini sikutulia. Wagonjwa wengi hupata nafuu kadiri wiki zinavyopita; huenda mguu ulikuwa unapona wenyewe na mimi nadandia sifa. Nilimweleza fizio shaka yangu hiyo, kirefu, kwa hoja tatu.

"Sawa," akasema. "Nikupee baba mwingine sawasawa na huyu, huyo tumpeleke bila muziki, tulinganishe?"

Nikafunga daftari.

Wiki ya mwisho tulihamia kwenye ngazi za mazoezi, zile nne za mbao zisizoelekea popote. Mguu mzima hupanda kwanza, mgonjwa hufuata. Mapigo manane kwa kila ngazi: la kwanza kulia, la tano kushoto. Mimi nikiwa juu na spika kifuani, mgongo kwake, fizio chini yake na mikono wazi bila kumgusa. Kupanda, kugeuka, kushuka, kupanda. Sikujua kama ngazi nne mara kumi na sita ni sawa na ngazi sitini na nne. Kwa hesabu ni sawa. Kwa goti, nani ajuaye?

Jumamosi ile Shangazi alifika Mountain View saa nne asubuhi, mbele ya pikapu. Ndani ya pikapu palikuwa na kamba, magunia ya kufungia vyombo, na vijana wawili wa kubeba. Alikuwa na chupa ya chai kubwa, kwa sababu kwao hakuna jambo, zuri au baya, linalofanywa bila chai. Baba alikuja naye kiti cha mbele. Fizio alikuja kwa gari lake, akavaa raba.

Baba alisimama chini ya ngazi akatazama juu, pale katikati panapoonekana hadi dari.

"Kaka," Shangazi akasema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote, "ukiona haiwezekani, useme. Hakuna atakayekucheka."

"Wewe utacheka," Baba akasema. "Weka wimbo."

Nikaweka. Nikampa mgongo, nikapanda ngazi ya kwanza. Mapigo manane. Ya pili. Nyuma yangu kiatu kimoja, kisha cha pili. Ghorofa ya kwanza tulifika nikiwa sijavuta pumzi hata mara moja ninayoikumbuka. Akapumzika, nikaacha wimbo uendelee, tukaanza tena. Ghorofa ya pili. Kiatu cha kushoto kiligonga ukingo mara moja, nikasikia mkono wake ukishika reli, nikasikia fizio akisema "tulia, Anko, iko sawa," na mapigo yakaendelea kupita bila sisi mpaka akaingia tena.

Katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mpangaji wa juu akawa anashuka na mtungi mtupu wa lita ishirini. Alipomwona Baba alisimama, akatabasamu kwa meno yote.

"Mwenyekiti! Umerudi! Sasa mwenyekiti, maji tunafunguliwa lini? Hawa watu wa kamati wameweka saa kumi na moja asubuhi, saa kumi na moja nani anaamka?"

Nilitaka kumsukuma yeye na mtungi wake. Baba alisimama, mguu mmoja ngazi hii, mwingine ngazi ile, jambo ambalo fizio alimkataza mara mia. Akamjibu. Hakumjibu kwa kifupi. Alimweleza kwamba saa kumi na moja ni makosa, kwamba pampu ikipigwa wakati huo maji huishia ghorofa ya kwanza, kwamba tangi la kushoto lina ufa na wameshasahau, na kwamba yeye, yaani mpangaji, bado hajafunga ile koki ya choo. Alisema yote hayo akihema, huku ngoma ikipiga. Shangazi alikuwa chini kabisa, kichwa amekiinua, mikono amebana kifuani.

"Sawa mwenyekiti," mpangaji akasema, akajibana ukutani.

Kisha Baba akafanya kitu ambacho nilikiona kwa sababu nilikuwa nimegeuka. Hakukanyaga mara moja. Aliinamisha kichwa kidogo, kama watoto wa kike wanavyosimama kando ya kamba inayozungushwa, wakingoja pa kuingilia. Kamba ikapita mara moja, mara mbili. Ya tatu akaingia. Kulia, kisha kushoto.

Nikageuka upesi nikapanda. Ghorofa ya tatu. Ngazi kumi na sita za mwisho sizikumbuki moja moja. Nakumbuka mlango wetu wa bluu, na mkono wa Baba ukipita kando yangu kuugusa, kiganja chote, kama mtu anavyomgusa ng'ombe wake.

Hakuna aliyepiga kelele. Fizio aliketi kwenye ngazi akaweka kichwa magotini. Mimi nilizima spika, na ukimya ule ulinifungua kifua; nilihisi pumzi ikishuka mpaka mahali ambapo haikuwa imefika tangu mwezi wa nne. Nilikuwa nimeishi miezi mitano kama mtu aliyebeba sufuria iliyojaa hadi ukingoni, na sasa nilikuwa nimeiweka chini.

Shangazi alipanda akihema kuliko Baba. Alifika, akamtazama, akatazama mlango.

"Haya," akasema. "Kaa na nyumba yako. Kile chumba nitafugia kuku."

"Kuku watakuwa na adabu kuliko mimi."

"Hata hilo sikujua ulijua."

Akafungua chupa ya chai, na alipokuwa akimimina niliona machozi yakimshuka, naye akasema ni mvuke. Tulikunywa tumesimama koridoni kwa sababu funguo zilikuwa kwangu na nilikuwa nimesahau kwamba milango hufunguliwa.

Baada ya chai Baba aliamua kushuka, aonyeshe kwamba hata kushuka anaweza. Alishuka vizuri, mguu mgonjwa mbele, mpaka chini. Akasimama getini akajisifu mbele ya wale vijana wa pikapu waliokuwa wakikunja magunia yao.

"Vizuri sana," Shangazi akasema. "Sasa umeshuka. Utalala wapi?"

Hakuwa amewaza hilo. Hakuna aliyekuwa amewaza. Tukacheka mpaka mlinzi akatoka kwenye kibanda, kisha Baba akanyoosha kidole kwenye spika, nami nikaanza wimbo upya. Pikapu ilirudi Satellite tupu. Jioni hiyo, kabla jua halijazama, aliketi roshani, ufunguo wa pampu umerudi mfukoni mwake, akamtuma yule mpangaji wa mtungi apande na fimbo kupima matangi. Mwezi mmoja baadaye alipanda paani mwenyewe.

Mimi nilijifunza subira, au nilidhani hivyo. Nilirudi kwenye muziki wangu na somo lililokuwa safi kama kanuni ya hesabu: usiuguse mdundo, upe mguu amani, mabadiliko yapeleke juu, madogo, kwa sikio la mwenye kukaa macho. Nilimfundisha hata yule mwenzangu wa duka, ambaye aliniambia alikuwa akijua hilo tangu kuzaliwa. Nyimbo zangu zikaanza kuchezwa na watu nisiowajua. Kila waliponiuliza nimejifunza wapi kushikilia mdundo, niliwasimulia habari ya kayamba na vikengele vilivyomwamsha baba yangu kila ghorofa.

Miaka mitatu ikapita. Baba akawa anapandisha sauti ya redio mpaka majirani wakalalamika, nikampeleka kupimwa masikio. Mpimaji alimfungia kwenye kibanda cha kioo, akamwambia ainue mkono kila akisikia kitu. Kwa sauti nzito aliinua mkono kila mara. Kisha kwa muda mrefu sana hakuinua, akakaa pale akitabasamu kwa adabu. Mpimaji alituonyesha mchoro: mstari ulitembea vizuri, halafu ukaporomoka. Sauti zote nyembamba za juu hazimfikii, akasema, na si jambo la jana; ni matokeo ya miaka thelathini Baba aliyofanya kazi kando ya mitambo ya kuchapisha vitabu. Nilimuuliza kama mtu huyu angeweza kusikia kayamba, kwa mfano, au kengele ndogo, au kijiko kwenye bilauri. Akasema hapana, si kwa miaka ishirini iliyopita.

Tulipokuwa tukingoja lifti nilimwambia Baba. Nilimweleza kila kitu nilichokuwa nimeweka kwenye wimbo ule, na kwa nini.

"Kwani ulikuwa unabadilika?" akauliza.

Nikamwuliza basi ni nini kilichomfanya aache kukwaruza. Alifikiri kidogo, kwa sababu hapendi kujibu asilolijua.

"Bega lako," akasema. "La kushoto. Ulikuwa unatembea mbele yangu, na kila baada ya muda fulani linapanda, kidogo tu, kama la mtu anayengoja kitu kiingie. Likipanda najua niamke."